Ngoma Wakati wa Injili

Nilikuwa nimewachoka Wakristo wa kigango changu. Nasema wazi, maana nilishawaambia wengine wote: mke wangu Nyanjige, Padri, Khatibu fundi cherehani, na hata punda wa jirani siku nilipokosa mtu wa kunisikiliza. Walichelewa ibada. Wakiwahi, walisinzia. Wakipangiwa zamu ya kufyatua matofali ya kanisa walikuwa na msiba kijiji cha Nkololo, na ukiwauliza msiba wa nani, walikuwa bado wanafikiria. Lakini hao wote ningewabeba. Aliyenishinda alikuwa Mhoja.

Mhoja alikuwa mpiga ngoma wetu. Mimi nilikuwa katekista. Kijiji chetu cha Mwajidula kilikuwa kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari iliyopimwa kwa kamba, na kanisa letu la udongo na nyasi lilikuwa mwisho wa mstari wa tatu. Padri alikuja mara moja kwa mwezi, kwa pikipiki, kutoka misheni ya Bariadi. Jumapili nyingine zote niliongoza mimi. Nilisoma Injili, nilifundisha, na mwisho nilisoma majina ya watu wa zamu: fulani maji, fulani matofali, fulani nyasi. Nina sauti. Sijisifu kwa hilo, hata wasionipenda wanakubali. Nikisoma mbele, aliye nje na mbuzi wake anasikia.

Basi Mhoja hakutaka isikike. Wimbo wa kabla ya Injili una beti mbili. Yeye aliupiga beti nane. Nikifungua kitabu, anaanza upya. Nikipata nafasi nikaanza kusoma, haachi. Anapigapiga ngoma kwa vidole, taratibu, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka miguu ya watu inaanza kutikisika chini ya mabenchi na hakuna anayejua Bwana alisema nini. Nikifundisha, ananikatisha kwa wimbo. Na nikifika kwenye majina ya zamu, hapo ndipo alipopiga kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza ndege shambani. Watu wakakosa kusikia majina yao, wakaenda nyumbani wamefurahi.

Hali hiyo ilidumu miaka mitatu na zaidi. Nilijua sababu yake, au niliamini ninaijua. Kabla ya ubatizo Mhoja alikuwa mpiga ngoma wa Bagalu, na ukoo wetu sisi ni Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana. Kwetu Usukumani huhitaji kuambiwa zaidi. Baada ya mavuno vikundi viwili vya ngoma vinakutana uwanja mmoja, kila kimoja kinacheza upande wake kwa wakati uleule, na kile kitakachovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Mtu akikufunika sauti mbele ya watu, amekushinda, na kijiji kizima kitakukumbusha mpaka mavuno mengine. Mambo hayo tuliyaacha tulipobatizwa. Mimi niliyaacha. Mhoja, nilijiambia, aliyaingiza kanisani chini ya shuka lake.

Nilimlalamikia Padri kila mwezi. Kabla hajavua kofia ya pikipiki, nimeshaanza. Nilimlalamikia hata Khatibu, ambaye ni Mwislamu na hayamhusu. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza chake, namweleza, na yeye anashona suruali ya shule bila kuinua kichwa. Mwishowe akasimamisha cherehani.

"Katekista," akasema, "mimi sijawahi kuingia kanisani kwenu, lakini Wakristo wako wote nawajua kwa dhambi zao. Hakuna hata mmoja uliyenitajia jema lake. Hivi huchoki?"

"Nimechoka," nikamwambia. "Ndiyo maana nasema."

Kwaresima ya mwaka sabini na nane ilipoanza, niliamua kulimaliza. Nilimwandikia Padri barua nikimtaka safari hii asikilize shauri rasmi, mbele ya Wakristo wote, na Mhoja aondolewe kwenye ngoma. Nilimsomea Nyanjige barua hiyo akiwa anachambua mchicha. Aliningoja mpaka nilipoikunja.

"Baba Masele," akasema, "na Mhoja akiulizwa naye?"

"Atasema nini? Atakana? Watu wote wanasikia ngoma."

Nyanjige aliniangalia, kisha akarudi kwenye mchicha wake. Yeye pia alikuwa amechoka, lakini alinichoka mimi, na hilo sikuliona.

Padri alikuja Jumapili ya pili ya Kwaresima. Baada ya misa akaketi mbele, akaniita upande mmoja na Mhoja upande wa pili. Nilieleza yote. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, wimbo baada ya wimbo. Niliona hata waliosinzia wameamka. Nilipomaliza, Padri akamgeukia Mhoja. Mhoja alikuwa mtu mrefu mwembamba, mikono ameiweka nyuma, anatazama sakafu.

"Aliyoyasema ni kweli?"

"Ni kweli, Padri."

"Unapiga ngoma Injili ikisomwa?"

"Napiga."

Padri akakuna ndevu. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki huuliza pande zote mbili. Akasema, "Na wewe, Mhoja? Una neno gani juu ya katekista? Mbele ya Mungu na mbele ya hawa wenzako, kama lipo, liseme."

Lilikuwepo.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeliweka mahali nisipopita. Mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipokuwa wanahamishwa kuletwa Mwajidula, niliombwa nisaidie kwa sababu najua kusoma. Nilipewa karatasi yenye majina ya watu wote wa upande wa mlimani. Kazi yangu ilikuwa kusimama penye lori na kuita jina, na mtu atoke na mzigo wake. Niliagizwa pia kwamba mgonjwa asiyeweza safari nimwekee alama pembeni ya jina lake, abaki mpaka apate nafuu. Alama yenyewe ilikuwa mstari mmoja wa kalamu.

Siku ile niliita majina tangu alfajiri. Ilipofika saa tisa sikuwa nimekula, jua lilikuwa kali, dereva anapiga honi. Nikaita Minza. Huyo alikuwa mama yake Mhoja. Akatoka Mhoja peke yake, akaniambia mama ana homa, ni siku ya tatu hajala kitu. Nyumba sita kabla ya hiyo walikuwa wameniambia habari ya homa, na tano kati yao walinidanganya. Nikamwambia leo mlima mzima una homa. Sikuweka alama. Nikaita tena Minza, kwa sauti kubwa zaidi, ili asikie mwenyewe mle ndani. Nilipoita mara ya tatu akatoka, ameshikiliwa na mkwe wake, mke wa Mhoja, na kanga ameivaa kichwani kwa sababu ya baridi ya homa, jua lote lile.

Tuliwashusha hapa, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, hakuna hata nguzo. Mvua ya kwanza ya mwaka ilinyesha kabla watu hawajapata nyasi za kuezekea. Minza alikufa siku ya nne baada ya kufika. Niliongoza sala kaburini, na sauti yangu ilisikika vizuri.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kinywani mwa Mhoja, na Padri alikuwa amemfungulia mlango. Nilijua akisema, sitakuwa katekista tena. Watu wa mlimani walikuwepo wote, na wote walisikia nilivyoita siku ile. Mkwe wa Minza alikuwa benchi la tatu. Nikatazama mabenchi nikaona kwamba hakuna aliyekuwa anamtazama Mhoja. Walikuwa wananitazama mimi.

Mhoja aliinua macho, akayarudisha sakafuni. Kisha akasema, "Sina, Padri."

"Huna neno lolote?"

"Sina."

Padri akamwambia aache ngoma mpaka Pasaka. Mhoja akaitikia kwa kichwa. Padri akaniuliza kama nimeridhika, nami nikasema nimeridhika. Ngoma nikaibeba mimi mwenyewe hadi kwangu, nikaiweka pembeni ya magunia ya pamba.

Jumapili ya tatu nilisoma katika kanisa lililo kimya kabisa. Nilikuwa nimeitaka siku hiyo kwa miaka mitatu. Sauti yangu ilikwenda mpaka ukutani ikarudi, na mimi nikawa wa kwanza kutamani ikome. Hakuna aliyesinzia. Mhoja alikaa nyuma karibu na mlango, mikono ameibana katikati ya magoti. Nilipochukua karatasi ya zamu na kuita jina la kwanza, akasimama akatoka nje.

Jumapili ya nne alitoka mapema zaidi, mara nilipofungua kitabu cha Injili. Baada ya ibada mkewe alinisalimia kwa heshima zote, akasema mume wake hatakuja tena kwa sasa, ana kazi ya palizi. Hakuna aliyepalilia Jumapili kijijini kwetu, na yeye alijua kwamba najua.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nyanjige alinipa chakula, akaondoa vyombo. Siku ya tatu nikamwambia, "Mama Masele, nakwenda kwa Mhoja."

"Ulichelewa kwenda," akasema. "Nenda."

Nilimkuta shambani kwake, anapalilia pamba. Nikasimama mwisho wa mstari.

"Mwadila, Mhoja."

"Mwadila, Katekista." Hakuacha kulima mpaka alipofika niliposimama. Hapo akaegemea jembe.

"Mbona hukusema kwa Padri?"

"Niseme nini?"

"Unajua."

Akafuta jasho kwa mkono. "Ningesema, mama angerudi?"

"Hapana. Lakini mimi ningeondolewa."

"Ungeondolewa, halafu? Wewe ndiye unayefundisha watoto. Padri hana mwingine wa kumleta huku. Nilifikiria hayo yote pale niliposimama. Nilifikiria sana. Karibu niseme."

Nikasema jambo la kijinga, maana ndilo lililokuwa karibu. Nilimwambia kwamba miaka yote hii nilidhani ananipigia ngoma kwa ajili ya Ugalu na Ugika.

Mhoja aliniangalia kama hajanisikia vizuri. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ng'wana Mashimba," akasema, na alikuwa hajaniita kwa jina la baba yangu tangu zamani, "unadhani mimi bado nacheza? Kwa kipi? Tangu mama afe sijaenda uwanja wa ngoma hata kutazama." Akang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wake. "Mimi sauti yako siiwezi. Ukifungua mdomo tu, naisikia inaita Minza. Inaita mara tatu. Ukisoma Injili, inaita Minza. Ukisoma majina ya zamu ndiyo kabisa, naona lori. Lakini nikipiga ngoma inapungua. Kwa hiyo nilipiga, nikaweza kukaa mpaka mwisho wa ibada kama watu wengine. Nilisema nitavumilia hivyo, nitapiga mpaka siku itakapopungua yenyewe. Ulikuwa uvumilivu wangu huo. Sasa umeuweka kwako na magunia ya pamba."

Nililia. Nina miaka hamsini na mitatu, nililia mbele ya mtu na jembe lake. Nikamwambia, "Nisamehe, Mhoja."

"Nilishakusamehe. Nakusamehe kila Jumapili. Ndiyo maana nimechoka."

Akageuka, akashika mstari mwingine wa pamba. Nilisimama pale kwa muda, kisha nikaona namzuia kufanya kazi, nikaondoka.

Ijumaa nilikwenda Bariadi kwa miguu. Nilimkuta Padri anatengeneza pikipiki, mikono imejaa grisi, nami nikamwambia yote hapohapo uani, tangu karatasi na alama ambayo sikuiweka. Kwa mara ya kwanza nilimletea habari ya Mwajidula isiyokuwa na kosa la mtu mwingine. Hakunikatisha. Nilipomaliza alikaa chini kwenye ngazi, akajifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mhoja arudishiwe ngoma," akasema. "Na wewe unataka nikuondoe?"

"Ukiniondoa nitashukuru."

"Najua. Kwa hiyo sikuondoi. Utarudi, utafundisha watoto, utakaa na watu hao. Una kingine?"

Nikamwambia nina kingine. Nataka mtu mwingine asome Injili, na majina. Akauliza nani, kijiji kizima wasomaji ni wachache. Nikamtajia Justina, mama wa makamo aliyejifunza kusoma mwaka uliopita katika darasa la elimu ya watu wazima. Padri akauliza kama anasoma vizuri.

"Hasomi vizuri hata kidogo," nikasema. Nilijishika hapo, nikaongeza, "Lakini anasoma."

Jumapili ya tano nilifika kanisani kabla ya mtu yeyote, nikaiweka ngoma mahali pake. Mhoja alikuja. Sijui mkewe alimwambia nini, au Nyanjige, ambaye Jumamosi alikwenda kwao na hakunieleza alichosema. Alikuja amechelewa, akaiona ngoma, akaketi nayo bila kunitazama. Wimbo wa kabla ya Injili akaupiga beti zote nane. Mimi nilikwenda nikakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pale alipokuwa amekaa Mhoja Jumapili ya tatu.

Justina akapanda mbele na kitabu. Ilikuwa Injili ya Lazaro, ambayo ni ndefu, na ningekuwa na huruma ningemchagulia fupi, lakini siku hiyo ndiyo hiyo. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Alisoma silabi moja moja, kwa sauti ndogo, anapumzika mahali pasipo nukta na kupita nukta bila kuziona. Jina la kijiji cha Lazaro alilisema kwa namna tatu. Mhoja alikuwa ameanza kupigapiga kwa vidole kama kawaida yake, lakini usomaji ule hauna mwendo wa kufuatwa na ngoma yoyote. Vidole vikapotea, vikaanza tena, vikapotea.

Mimi niliteseka. Kila neno alilokwama nalijua. Lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Alipofika pale dada wa marehemu anapomlalamikia Bwana kwamba amechelewa, kwamba angefika mapema ndugu yake asingekufa, Justina alikwama kabisa. Neno ni refu. Akalijaribu, akarudi nyuma, akalijaribu tena. Kanisa zima likasubiri. Wawili watatu waligeuka kunitazama nyuma nilikokaa, maana walijua tabia yangu. Nikajiziba mdomo kwa kiganja.

Mhoja alikuwa ameinama mbele, mikono imelala juu ya ngozi ya ngoma, haisogei. Alikuwa anangoja lile neno kama wengine.

Justina akalipata. Akalisema, akasoma mstari ule mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Mayu," Mhoja akasema kutoka pale alipokaa, akimwita mama kwa Kisukuma. Hakuna mtu anayesema katikati ya Injili, lakini alisema, kwa upole. "Rudia hapo."

Justina akatafuta kwenye kitabu, kidole kikapanda na kushuka ukurasa mzima. Hakujua kuanzia katikati. Akarudi kwenye neno la kwanza la Injili ile, akaanza upya, silabi moja moja. Jua lilipita saa sita. Nilikaa kimya mpaka mwisho.